Fundi wa Dishi Moja

Fundi hakuwa na televisheni. Hilo ndilo jambo lililowashangaza watu kwanza, na mpaka leo nikimtaja mbele ya mtu aliyewahi kupanga katika ile ploti yetu ya Suna, Migori, ataanza na hilo. Nyumba kumi na mbili zilipata picha kutoka chumbani kwake, na humo chumbani hamkuwa na kioo cha kutazamia ila kile kidogo cha kompyuta, ambacho kilionyesha namba tu, za kijani na nyekundu, zikipanda na kushuka.

"Namba hazinichoshi," aliniambia siku nilipomuuliza. "Watu ndio wananichosha, Sista."

Sista ni mimi. Ni muuguzi, na watu wa kwetu humwita hivyo muuguzi yeyote wa kike, awe mtawa au asiwe. Niliishi nyumba ya tano kwa miaka tisa, na miaka yote hiyo nilikuwa nimechoka. Nasema mapema ili nisije nikaonekana ni mtu aliyemchunguza Fundi kwa makini. Nilimpita asubuhi nikitoka zamu, nikampita jioni nikienda zamu, miguu inaniuma, na mengi yake yalipita mbele ya macho yangu bila kuingia.

Kazi yake hasa ilikuwa ukeateka. Alifungua tangi la maji, alifagia uwanja, alitunza funguo za nyumba zilizo tupu. Zamani alikuwa mtu wa laini za simu, wale waliopanda milingoti na mkanda kiunoni. Simu zilipohamia mifukoni mwa watu, yeye alibaki na mkanda. Alikuwa mtu wa upande wa Homa Bay, na zaidi ya hapo sikuuliza.

Alipokuja, juu ya paa letu kulikuwa na madishi kumi na moja. Kila mpangaji alikuwa amepanda na nyundo yake na kupigilia lake alipopenda. Msimu wa mvua tulihamisha vitanda. Mimi changu nilikihamisha mara tatu mpaka kikawa katikati ya chumba. Fundi alipanda, akakaa huko juu kitambo kirefu, akashuka na kutuita uwanjani.

"Hii paa imetobolewa kama chujio ya chai. Mnataka picha ama mnataka kulala pakavu?"

Tulitaka vyote viwili.

"Basi mnipe wiki mbili na mnyamaze."

Nyuma ya bafu akamwaga zege, akasimamisha dishi moja kubwa, upana wake karibu mikono yangu miwili ikinyooshwa. Waya wa dishi ukaingia chumbani kwake, kwenye kompyuta kuukuu aliyoitoa katika saiba moja ya intaneti mjini iliyofungwa. Ndani ya kompyuta alipachika kadi nne za kushika mawimbi ya setilaiti. Kutoka hapo zikatoka nyaya za mtandao, zile zile za ofisini, zikapita chini ya ukingo wa paa ndani ya paipu nyeupe, zikaingia kila nyumba. Mwenye televisheni alifungiwa kijisanduku. Asiyekuwa nayo alitazama kwa simu. Madishi kumi na moja yakashushwa, na matundu yakazibwa kwa lami.

Alinieleza siku moja bombani, tukingoja ndoo zijae. Chaneli hazisafiri moja moja, alisema, zinakuja kwa mafungu. Kadi moja inashika fungu moja. Akishalishika, chaneli zote za ndani ni zake kugawa, ziende nyumba moja au nyumba mia. "Lakini kadi ni nne. Mtu akitaka fungu la tano, atangoja mwingine atoke." Niliitikia kwa kichwa, kama wagonjwa wanavyoniitikia nikiwaeleza dawa.

Mwezi wa kwanza mambo yalikataa. Picha zilikatikakatika zikawa vipande vipande, na Odhiambo wa nyumba ya pili, karani wa ofisi za kaunti, alilalamika kwamba hata barua pepe zake za kazi, zilizopita nyaya hizo hizo, hazifunguki. Odhiambo alikuwa na sauti ya mkutano wa hadhara hata akiomba chumvi. Fundi alikaa na zile namba zake siku tatu, kisha akapanda gari kwenda Kisii, akarudi na kisanduku kizito cha chuma kilichokwisha kutumika mahali pengine.

"Ile swichi ya kwanza ya kugawa picha ilikuwa inamwagia kila mtu kila kitu, ameomba hajaomba," alisema. "Hii inasikiliza. Inapelekea mwenye ameomba peke yake." Akaipapasa mgongoni kama mtu anayepapasa ndama. Picha zikatulia tangu siku hiyo.

Alikuwa na tabia zake. Waya aliumenya kwa meno, mpaka jino moja la mbele likaingia pengo. Hakutofautisha nyaya kwa rangi kama mafundi wengine. Alizifunga uzi wenye vifundo, kimoja nyumba ya kwanza, viwili nyumba ya pili, mpaka nyumba ya kumi na mbili iliyokuwa na rundo. Akitafuta setilaiti alitumia kidude kinachopiga mluzi, na mluzi ukipanda ujue dishi linakaribia. Aliligeuza taratibu, macho ameyafumba, kichwa kimeinama upande. Watu walimtania kwamba anasali. Mimi pia nilimtania.

Sasa najua macho yake yalikuwa yanakwenda. Presha ya macho haiumi. Inaanza kula pembeni, inasogea ndani polepole, na mwenyewe anazoea. Mimi ndiye niliyesomea hayo. Kila wiki nilisimama mbele ya benchi la wagonjwa nikiwaambia waliopita miaka arobaini wakapimwe macho. Na mtu aliyejigonga mlango wa bafu mara mbili nikiwa nimesimama pale pale, nilimwambia, "Pole, Fundi. Na wewe upunguze haraka."

Hakuwa mtu mpole, nisije nikamfanya malaika. Alinuna. Aliweza kupitisha wiki bila kumwamkia mtu aliyeingiza uma kwenye soketi yake. Mwanamke wa nyumba ya tisa alipohamisha kijisanduku mwenyewe na kukata waya, Fundi alimwacha siku nne bila picha, na alipotengeneza hakusema neno, hata alipopewa chai. Aliacha kikombe kimejaa juu ya dirisha. Kuhusu mambo ya haki alikuwa anachosha kabisa.

Kuna wakati Odhiambo alikuja na habari za kijana fulani mjini anayeweza kufungua chaneli za kulipia, zile za mpira wa Ulaya.

"Anaweka namba fulani kwa kompyuta tu, dakika tano. Ploti nzima tutaona."

"Iliyofungwa imefungwa na mwenyewe," Fundi alisema. "Mimi nagawa ile imewachwa wazi."

"Aa, Fundi! Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Kwani mimi si mtu?"

Odhiambo akatuangalia sisi, akacheka, tukacheka naye. Fundi alirudi ndani akafunga mlango.

Na mtu huyo huyo alihangaika siku nzima juani kwa ajili ya Bwana Salim, aliyeuza vitambaa karibu na soko la Migori na kuishi nyumba ya nne na mama yake. Mama alitaka chaneli ya kisomo cha Kurani, lakini ilikuwa setilaiti nyingine kabisa, mbali na ile ambayo dishi letu liliielekea. Fundi hakuweka dishi la pili. Alitafuta kipande cha alumini, akafunga jicho lingine la kunasia mawimbi kando ya lile la kwanza, akilisogeza kwa upana wa kidole, nusu kidole, mpaka mluzi ukapanda. Mfungo ulipoingia kisomo kilikuwa tayari. Nyumba ya Salim wakawa wanamletea sambusa na tende kila magharibi. Alizipokea kwa mikono miwili, kisha akazigawa mlango kwa mlango, akihesabu vichwa, na yeye akabaki na moja. Sambusa moja, miaka yote. Nilimwambia siku moja ale mbili kama watu. Akaniambia hana njaa ya watu wawili.

Alikuwepo pia Mama Robi, nyumba ya saba. Alikuwa Mkuria, mjane kutoka upande wa Isebania, aliyeletwa na mwanawe dereva wa lori miguu ilipoanza kukataa. Mwana alikuwa safarini siku nyingi, na mama alishinda kitandani. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kijaluo hakuwa nacho, kwa hiyo hakuwa na wa kuongea naye sana. Alipenda chaneli moja ya kanisa ambako watu waliimba kwa lugha ambayo nadhani hakuielewa. Chaneli hiyo ilikuwa katika fungu ambalo hapakuwa na mwingine aliyelitaka. Kadi nzima ilishikwa kwa ajili ya bibi mmoja.

Kadi zikiwa nne hakuna aliyejali. Lakini wiki moja stima ilipanda ghafla na kushuka, na kadi tatu zikafa kwa mpigo. Ikabaki moja, na za kuziba pengo zilikuwa zije kutoka Nairobi. Fundi alituita tena uwanjani, tukapanga zamu. Asubuhi watoto, jioni habari, na kila mtu akachagua saa zake. Mama Robi alipewa Jumamosi alasiri, muda wa saa mbili, kwa sababu hakuna aliyezitaka. Sote tulikubali, na Odhiambo ndiye aliyeandika karatasi na kuibandika ukutani.

Hakuna aliyekumbuka kwamba Jumamosi hiyo timu ya taifa ilikuwa inacheza.

Walipokumbuka ilikuwa zimebaki dakika chache mpira uanze, na chaneli iliyouonyesha bure haikuwa katika fungu la Mama Robi. Mvua ilikuwa imefunga, ile ya Migori isiyo na maringo, inayoangusha maji tu. Kwenda kutazama hotelini barabarani haikuwezekana. Wanaume wakajaa kwenye varanda ya Fundi. Nilitoka kwa ajili ya kelele. Nilikuwa nimelala kwa saa mbili tu baada ya zamu.

"Fundi, ni dakika tisini tu," Odhiambo alisema. "Bibi hata haelewi wanachoimba."

"Ni saa zake."

"Basi tumwombe. Yeye ni mama, atatuonea huruma."

"Akiombwa na nyumba kumi na moja, hiyo si kuomba," Fundi alisema. "Hiyo ni kunyang'anya."

Wakapandisha sauti. Mtu akasema keateka si mwenye ploti. Mwingine akasema atahama. Mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani, kimya, na nikasema, "Fundi, wape mpira wao tupumzike."

Aligeuza uso kunifuata nilipokuwa. Alitazama karibu na bega langu. "Hata wewe, Sista?"

Hiyo ndiyo sehemu ambayo nikiikumbuka huwa natafuta kazi ya mikono.

Odhiambo alitoka kwenye mvua, akazunguka nyuma ya bafu, na tukasikia chuma kikilia. Alikuwa amelisukuma dishi kwa bega. Kama hatupati sisi, asipate mtu. Picha ikaondoka. Wanaume wakanyamaza wote kwa pamoja, kama watoto waliovunja chungu, na katika kimya hicho tukasikia sauti ya Mama Robi kutoka ndani, nyembamba na ya adabu.

"Fundi? Wamemaliza kuimba?"

"Wamepumzika kidogo, Mama," Fundi alimjibu. "Watarudi."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema uongo.

Alichukua kidude chake cha mluzi na spana, akaenda nyuma. Nikachukua mwavuli nikamfuata, nadhani kwa aibu. Tulisimama huko zaidi ya saa nzima. Mvua ilipiga dishi kwa kelele kiasi kwamba ilibidi akibane kile kidude sikioni. Aligeuza, akasikiliza, akarudisha. Nati ilikuwa mbele ya uso wake na mkono wake ukawa unaitafuta kando, juu, chini, mpaka vidole vikaigusa. Nikasema moyoni ni maji ya mvua machoni. Nilikuwa nimeshika mwavuli vibaya, ukimwagia mgongo wake, na hakulalamika.

Mluzi ukapanda. Akakaza nati, akatega sikio. Kutoka nyumba ya saba tukasikia wakiimba. Saa za Mama Robi zilikuwa zimebaki robo saa.

"Ero kamano, Sista," akasema. Asante. Akaingia ndani akiwa maji matupu.

Odhiambo hakuomba msamaha. Si mtu wa kuomba msamaha kwa mdomo. Jumamosi iliyofuata alikuja na mfuko wa saruji na kokoto kwa toroli, akachimba kuzunguka nguzo ya dishi, akamwaga zege upya, nene, lisiloweza kusukumwa na mtu mmoja wala wanne. Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Walifanya hivyo asubuhi nzima, mmoja akichanganya na mwingine akisimama, na sikusikia neno likipita kati yao isipokuwa "leta maji" mara moja.

Fundi aliondoka mwaka uliofuata. Hakuaga kwa mkutano. Alimrudishia mwenye ploti funguo, akasema dada yake wa Homa Bay anamhitaji, akaondoka na begi moja na ule mkanda wa milingotini. Kadi mpya alikuwa ameziweka zote. Mtambo ukaendelea kufanya kazi miezi kadhaa bila mtu, kisha asubuhi moja chaneli zikahamishwa masafa huko angani na kompyuta ikabaki inatafuta vitu ambavyo havipo tena. Tuliita mafundi wawili. Wa kwanza alisema tununue madikoda kumi na mawili. Wa pili aliangalia zile nyuzi zenye vifundo, akauliza aliyefunga hivi alikuwa mganga?

Nilikuwa na semina ya siku tatu Homa Bay. Ploti ikanituma. Odhiambo mwenyewe alinisindikiza mpaka stejini. "Mwambie arudi hata kwa siku mbili. Mwambie... mwambie tu arudi."

Haikuwa kazi kumpata. Dada yake aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na kila mtu alimjua. Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya kibanda, mikono juu ya magoti, amekonda shingoni. Sikuwa nimefungua mdomo.

"Sista."

"Umenijuaje?"

"Hivyo viatu. Unavuta mguu wa kushoto ukiwa umechoka."

Nilikaa kando yake nikampa ujumbe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kompyuta inaonyesha nini, nikamweleza, akasema ni jambo dogo, ni kubadilisha namba tu, lakini lazima mtu azione zile namba. Nikainua vidole viwili kando ya uso wake, nikavisogeza polepole kuja mbele, kama ninavyofanya kazini. Vilifika karibu na pua ndipo akapepesa.

"Kutoka lini?" nikamuuliza.

"Zamani. Kabla ya ile mvua ya mpira."

"Na mimi niko mlango wa tatu kutoka kwako! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unarudi umechoka," alisema. "Nikawa nasema, kesho."

Hakusema kwa kunilaumu. Laiti angenilaumu. Kesho yake nilitoroka semina nikampeleka kliniki ya macho, nimemshika kiwiko, na aliniacha nimshike, jambo ambalo kule Suna asingelikubali. Walimpima, wakamwambia niliyokuwa nayajua: kilichokwisha kwenda hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone asubuhi na jioni asikose. Niliyarudia maneno hayo kwa dada yake kwa Kijaluo mara mbili. Akayashika.

Wakati wa kuagana Fundi aliniita kando.

"Usiwaambie."

"Fundi, hakuna aibu kwa ugonjwa."

"Si aibu. Wataanza kuogopa kila waya nilifunga. Watasema walikuwa wanafungiwa vitu na kipofu. Watang'oa zote, hata zile ziko sawa."

"Sasa niwaambie nini?"

"Sijui." Akageuza uso upande wa sauti za soko. "Mimi sijui kudanganya watu. Wewe jaribu."

Nilifika Suna jioni, mguu wa kushoto umevimba. Walikuwa wamekaa kwenye varanda ya nyumba ya pili, Odhiambo na Salim na mwanamke wa nyumba ya tisa, na birika la chai katikati. Odhiambo alisimama kabla sijafika.

"Anakuja lini?"

"Haji," nikasema. "Amepata kazi. Kuna hoteli kubwa kule ufuoni, vyumba arobaini, anawafungia mtandao wote."

"Vyumba arobaini?" Salim akasema. "Masha'Allah."

"Na sisi?" Odhiambo akauliza. Akakaa. "Nilimmwagia zege yule mzee. Kwa pesa yangu. Amepata wakubwa, ametusahau."

"Ndivyo watu walivyo," akasema wa nyumba ya tisa. "Mimi aliniacha siku nne gizani kwa sababu ya waya kidogo tu. Alikuwa na kiburi tangu mwanzo."

Wakanisogezea stuli na kikombe. Wakamsema mpaka chai ikapoa, kununa kwake, majivuno yake, sambusa yake moja. Nilikaa nao, nikanywa, nikawaacha wamseme.